Onyesho Moja, Simulizi Mbili: Usiku wa Dansi Uliowagawa Mashabiki wa Tanga

Asubuhi iliyofuata, kwenye vibaraza vya Ngamiani, mjini Tanga, watu walilisimulia onyesho la usiku kana kwamba yalikuwa maonyesho mawili. Kundi moja lilisema bendi imezeeka, waimbaji hawakusikika, magitaa yalikuwa kelele tupu, na fedha ya kiingilio imeliwa bure. Kundi la pili lilisema halijapata dansi tamu namna ile kwa miaka mingi. Bendi ilikuwa moja, ukumbi mmoja, kiingilio kimoja. Nilikuwamo ukumbini tangu vyombo vinafungwa hadi vinafunguliwa, na baadaye niliongea na watu wa pande zote mbili, fundi mitambo ya sauti na kiongozi wa bendi. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu watu wanaoupenda muziki wa jukwaani wanaumizwa mara kwa mara na jambo ambalo chanzo chake kinajulikana, na dawa yake si ghali.

Sitataja bendi, ukumbi wala mratibu. Inatosha kusema ni bendi kongwe ya dansi kutoka Dar es Salaam, ya zile ambazo nyimbo zake zinapigwa redioni kila Jumapili na kila mtu mwenye umri wa makamo anazijua kwa moyo.

Tanga ina masikio ya dansi. Jamhuri Jazz na Atomic Jazz ni bendi za mji huu. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walianzia Jamhuri Jazz kabla ya kwenda Arusha na hatimaye Kenya, ambako waliunda bendi ya Simba Wanyika mwaka 1971. Vijana wengi wa leo wanadhani Simba Wanyika ni Wakenya watupu, na wazee wa Ngamiani hawaachi kuwasahihisha. Kwenye taarabu vilevile, Black Star na Lucky Star, vikundi vya hapa hapa, viliingiza gitaa la umeme, besi na midundo ya dansi, na mwimbaji Shakila aliviimbia vyote viwili. Mji wenye historia hiyo ukilalamika kwamba muziki haukusikika, lalamiko lake lina uzito.

Nitawafuata watu watatu. Wa kwanza ni mzee mmoja, fundi cherehani aliyestaafu, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye madansi. Wa pili ni mpwa wake, kijana mpenda roki anayejifunza gitaa kwa kutazama video. Alikuja kwa sababu mjomba alimwambia mpiga solo wa bendi hiyo, yaani mpiga gitaa linaloongoza, hana mfano. Wa tatu ni mama wa Makorora, muuza vitenge, aliyekuja na wenzake wanne wakiwa wameshona sare kwa ajili ya usiku huo. Wimbo aliokuja kuusikia ulipigwa kwenye harusi yake. Mumewe ameshafariki.

Jinsi usiku ulivyokwenda

Matangazo yalisema saa tatu usiku. Bendi ilitoka Dar es Salaam asubuhi kwa basi dogo, safari ya kilomita 350 hivi, ikaingia Tanga jua linazama baada ya gari kusumbua njiani. Vyombo vilianza kufungwa saa mbili, watu wameshaanza kukaa. Fundi mitambo alipata dakika chache za kujaribu maikrofoni, na alizijaribu ukumbi ukiwa bado mtupu kwa nusu yake.

Ukumbi wenyewe ni wa kawaida kwa miji yetu: mrefu, kuta za saruji, sakafu ya vigae, paa la mabati lisilo na dari. Kutoka jukwaani hadi ukuta wa nyuma ni kama mita 20. Spika kubwa mbili ziliwekwa juu ya jukwaa, na kwa kuwa jukwaa liko juu, zilikuwa zinatazama juu ya vichwa vya watu, kuelekea mabati na ukuta wa nyuma.

Muziki ulianza saa nne na nusu. Nyimbo mbili za kwanza zilikuwa mpya, kama bendi nyingi zinavyofanya ili kupasha moto na kusubiri watu wajae. Watu walivumilia. Kisha yule mama akaenda mbele na wenzake, akamtuza mwimbaji, akamnong'oneza ombi lake. Kiongozi wa bendi aliniambia baadaye kwamba wimbo ule kwa kawaida wanauweka baada ya saa sita, ukumbi ukiwa umechangamka. Lakini mama ametoa fedha, amevaa sare, amekuja na msafara, utamkataliaje? Wakaupiga.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Maneno ya ubeti wa kwanza hayakueleweka hata kwa sisi tuliokaa katikati. Sauti ya mwimbaji ilikuwa inakuja, lakini kila neno lilikuwa linamezwa na mkia wa neno lililotangulia. Watu wakapiga kelele, "Maiki! Ongeza maiki!" Fundi akaongeza. Maikrofoni ikapiga mluzi mkali hadi watu wakaziba masikio. Akapunguza, mwimbaji akapotea tena. Wapiga magitaa nao, kwa kuwa hawakuwa wanajisikia, wakaongeza sauti kwenye vikuza sauti vyao. Wimbo ukaingia chemko, ile sehemu ya pili ambayo magitaa na saksafoni vinapokezana na watu wanacheza, ukawa mngurumo mmoja usio na umbo.

Mama alirudi kwenye kiti chake. Baada ya wimbo mmoja mwingine akasimama, wenzake wakasimama naye. Mlangoni nilimsikia akimwambia kijana wa tiketi, "Mwanangu, mimi nimekuja kusikia maneno. Kelele ninazo sokoni kila siku." Kwenye nyimbo tatu zilizofuata watu wengi waliondoka, na si wale wa kuondoka kwa usingizi, ni watu waliokunja nyuso.

Mpwa naye alitaka kuondoka. "Mjomba, hawa hawako pamoja. Gitaa la rithimu linamgonga solo."

"Hawagongani, baba," mzee akasema. "Nimewasikia hawa tangu hujazaliwa. Kuna kitu humu ndani kinawavuruga. Tusubiri."

Saa sita kasoro bendi ikapumzika. Kijana, ambaye nadhani ndiye aliyeuokoa usiku ule, akamfuata fundi mitambo. Hakwenda na lawama. Alimsalimia, akamwomba radhi, akamwambia kwamba alipozunguka nyuma ya ukumbi alisikia kila pigo la ngoma mara mbili. Fundi hakukasirika. Alikwenda mwenyewe hadi ukuta wa nyuma, akapiga kofi moja, akasikiliza, akarudi anatikisa kichwa.

Alichofanya kwa dakika zile za mapumziko ni hivi. Aliweka vipande vya mbao nyuma ya spika ili ziinamie chini, ziwatazame watu. Alipunguza besi kwenye meza yake ya kuchanganyia sauti. Aliondoa mwangwi wa bandia aliokuwa ameuweka kwenye sauti ya mwimbaji, ule wanaouita eko. Aliwaomba wapiga magitaa washushe sauti za vikuza sauti vyao, na badala yake akageuza spika mbili ndogo ziwaelekee wao jukwaani. Madirisha ya upande mmoja yakafunguliwa. Kiongozi wa bendi naye akashika maikrofoni akawaomba waliobaki wasogee wote mbele.

Kuanzia hapo ilikuwa bendi nyingine. Solo lilikuwa linazungumza na rithimu likijibu, na besi ilikuwa chini yao imetulia. Saksafoni iliingia mahali pake. Mzee alicheza mpaka akavua koti. Mpwa alisimama hatua mbili kutoka kwa mpiga solo, macho kwenye vidole, hakucheza kabisa. Chemko la wimbo mmoja lilikwenda zaidi ya robo saa na hakuna aliyetaka liishe. Tulitoka saa tisa.

Kilichokuwa kinatokea ukumbini

Sauti hewani kwenye joto la pwani yetu inasafiri karibu mita 345 kwa sekunde. Ikitoka jukwaani, ikagonga ukuta wa saruji ulioko mita 20 na kurudi mbele, imesafiri mita 40, na imetumia karibu sekunde 0.12. Sasa fikiria chemko la kasi ya kawaida, mapigo 120 kwa dakika, gitaa likipiga noti nne ndani ya kila pigo. Hizo ni noti nane kwa sekunde, na nafasi kati ya noti na noti ni sekunde 0.125. Mwangwi wa noti ya kwanza unarudi karibu sawasawa na wakati noti ya pili inapigwa. Kwa mtu aliye mbele, kila noti inakuja na mzuka wa iliyotangulia juu yake. Kijana hakusikia vibaya: rithimu lilikuwa linamgonga solo kweli, ila vidole vya wapigaji havikuwa na kosa. Ukuta ndio uliokuwa unapiga gitaa la tatu.

Muziki wa dansi unaumia zaidi kwa hali hii kuliko muziki mwingine, kwa sababu utamu wake wote uko kwenye kupishana. Gitaa moja linaacha nafasi, jingine linaijaza. Ukijaza nafasi hizo kwa mwangwi umefuta muziki wenyewe. Ngoma tupu ingestahimili. Hata roki yenye gitaa moja zito lenye sauti iliyokwaruzwa ingestahimili kidogo.

Ndiyo maana kuongeza sauti hakukusaidia. Ukiongeza maikrofoni, unaongeza pia kile kinachorudi kutoka ukutani, kwa kiwango kilekile. Na mluzi ule unatokea maikrofoni inapoisikia spika yake yenyewe, ikaituma tena, ikaisikia tena, bila mwisho. Eko ya bandia nayo inafaa kwenye chumba kikavu chenye mapazia na mazulia. Kwenye ukumbi wa mabati na saruji ni kumwongezea maji aliyezama.

Halafu kuna jambo lililonishangaza nilipolifikiria. Miili ya watu na nguo zao vinanyonya sauti, hasa sauti za kati na za juu, zile zinazobeba maneno na ncha za noti za gitaa. Ukumbi uliojaa una mwangwi mdogo kuliko ukumbi mtupu. Kwa hiyo kila kundi lililotoka kwa hasira liliwaachia waliobaki ukumbi mbaya zaidi kuliko ule lilioukuta. Nyimbo tatu zile kabla ya mapumziko zilikuwa mbovu kuliko zote, na sehemu ya sababu ni kwamba watu walikuwa wanaondoka kwa ubovu wenyewe. Na kiongozi wa bendi alipowaita waliobaki mbele, aliweka miili pale spika zilipokuwa zimeinamia. Aliniambia alitaka tu ukumbi uonekane umejaa. Uzoefu wake wa miaka ulimfanya afanye jambo sahihi hata bila kujua hesabu yake.

Besi haiathiriwi sana na watu, kwa hiyo ilibidi ipunguzwe kwa mkono. Hilo fundi angelijua tangu mwanzo kama angepata saa moja ya kazi. Lakini alipata dakika chache, na alirekebisha mitambo kwa ajili ya ukumbi wenye viti vitupu.

Upande wa jukwaa nao ulikuwa na shida yake. Mpwa, kwa kuwa ni mtu wa roki, alinikumbusha The Beatles, bendi ya Uingereza: mwaka 1965 walipiga Shea Stadium, New York, mbele ya watu wapatao 55,000, na kelele za mashabiki zikawazidi kiasi kwamba wenyewe hawakuweza kujisikia. Agosti 1966, San Francisco, walipiga onyesho lao la mwisho la kulipiwa, wakaacha ziara kabisa. Siku hizo spika za kumwelekea mwanamuziki jukwaani hazikuwa jambo la kawaida. Bendi yetu ilianza usiku ikiwa katika hali hiyohiyo, mwaka huu wa leo, na spika ndogo mbili zilikuwapo zimegeuzwa upande usiofaa. Mwanamuziki asiyejisikia anaongeza sauti, mwenzake anaongeza kumfuata, na mwimbaji aliye katikati yao anabaki kupayuka. Mama aliniambia mwimbaji "alikuwa anafoka." Alikuwa anajitafuta.

Rekodi iliyowatangulia ukumbini

Sauti haielezi yote. Wapo waliosikia vizuri na bado wakalalamika, na lalamiko lao ni la aina nyingine: wimbo si ule.

Nyimbo kongwe tunazozipenda nyingi zilirekodiwa studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, mwimbaji akiwa karibu na maikrofoni yake. Zilizoingia kwenye santuri ndogo zilibanwa na upande wa santuri, dakika chache tu. Wimbo mrefu uligawanywa sehemu mbili. Shabiki ameisikia rekodi hiyo moja mara mamia, kwa mizani ileile, kwa urefu uleule. Moyoni mwake huo ndio wimbo. Jukwaani, tangu enzi hizo, wimbo haukuwahi kuwa na urefu huo. Chemko lilikwenda kwa kadiri watu walivyocheza. Rekodi ndiyo ilikuwa kipande cha dansi, na tumekuja kudhani dansi ni rekodi iliyorefushwa.

Mzee analijua hili kwa mwili wake, kwa sababu alicheza kabla ya kumiliki redio. Mama aliujua wimbo kwa redio na kwa harusi. Mtu aliyekuja kwa ajili ya ubeti wa tatu akapewa dakika kumi za gitaa ana haki ya kuhisi amenyang'anywa kitu, hasa kama ubeti wenyewe haukusikika.

Vilevile kuna suala la nani anaimba. Aliyeimba kwenye rekodi ile hayupo tena duniani. Aliyeimba usiku ule ni kijana aliyerithi nafasi. Wengine walisema hiyo si bendi, ni jina tu. Sikubaliani nao. Bendi zetu za dansi hazijawahi kuwa mali ya watu walewale wanne au watano. Mwimbaji Muhiddin Gurumo alianza kujulikana kwenye bendi ya NUTA, akaenda bendi ya Mlimani Park ilipoanzishwa mwaka 1978, akahamia Orchestra Safari Sound mwaka 1985, kisha akarudi bendi yake ya kwanza, iliyokuja kuitwa Msondo. NUTA yenyewe, iliyoundwa mwaka 1964, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma. Mashabiki walihama na mtu au walibaki na bendi, na mabishano hayo yalikuwa sehemu ya raha. Kijana aliyeimba usiku ule ana sauti nyembamba kuliko ya marehemu, lakini baada ya mapumziko, maneno yalipoanza kusikika, niliona wazee wakimwitikia kila mstari. Wangekuwa wanamkataa wasingemwitikia.

Nani alikosea

Nimewasikia waliobaki hadi mwisho wakiwacheka walioondoka: hawajui dansi, dansi ni baada ya saa sita. Hii inaniudhi. Mama wa Makorora alisikia sawasawa kile kilichokuwamo ukumbini saa tano usiku. Masikio yake hayakumdanganya. Aliomba wimbo wake, akaulipia, akapewa kwa saa mbaya kuliko zote. Kumwambia hajui ni kumwongezea jeraha. Upande wa pili, waliosema bendi imezeeka walihukumu watu kwa kosa la spika. Mzee alikuwa sahihi zaidi ya wote kwa kauli yake fupi, na alikuwa sahihi kwa sababu alikuwa na kumbukumbu ya kulinganishia, isiyokuwa ya redio.

Kosa kubwa naliweka kwenye ratiba. Bendi inayosafiri kilomita 350 siku ileile ya onyesho, ikatarajiwa kufunga vyombo mbele ya watu, haina nafasi ya kuusikia ukumbi. Gari kuharibika si ajabu kwenye barabara ndefu. Kutokuweka akiba ya saa mbili tatu ndiyo ajabu. Fundi mitambo ana kosa la kuelekeza spika juu na kuweka eko bila kupiga hata kofi moja kwanza, lakini alikubali kusikia kutoka kwa kijana asiyemjua, na wangapi wangekubali?

Jambo moja limepita bila kuzungumzwa. Vijana kadhaa walisimama usiku kucha karibu kabisa na spika, na siku ya pili walikuwa bado wana mlio masikioni. Mlio huo ni dalili ya sikio lililoumizwa, na ukirudiwa mara nyingi unaweza usipone. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sauti kwenye kumbi na matamasha isizidi wastani wa desibeli 100. Hakuna aliyepima pale. Mpwa alikuwa mbele pia, lakini upande wa kikuza sauti cha gitaa kilichokuwa kimeshushwa, na hakuumia.

Bendi imesema itarudi. Mzee na wenzake wa kibarazani wamekwisha kumwona mratibu na kumwomba mambo mawili: bendi ilale Tanga usiku unaotangulia, na vyombo vifungwe saa kumi jioni. Mratibu amekubali la pili. La kwanza anasema linategemea gharama za kulala. Mpwa amepewa kazi ya kumsaidia fundi mitambo, bila malipo isipokuwa kuingia bure. Na mzee alikwenda mwenyewe Makorora kumweleza yule mama yote haya, ukuta, spika na ratiba. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Nimekuelewa, kaka yangu. Nitakuja, lakini safari hii nitaomba wimbo wangu baada ya saa sita, na wakianza na mngurumo ule nitadai fedha yangu mlangoni." Mzee akamwambia atasimama naye.